Maswali ya Wasomaji: Kibofu, Umri na Kabila

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mama wa miaka 52, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma. Tangu nilipomzaa kitinda mimba wangu, mkojo hunitoka nikikohoa, nikicheka au nikijitwisha ndoo ya maji. Nikisafiri kwa basi kwenda Singida sinywi hata chai asubuhi, kwa kuogopa kumsumbua kondakta asimamishe gari nikachimbe dawa. Wifi yangu, ambaye ni Mrangi wa Kondoa, anasema kwao wanawake hawana jambo hili, ni letu sisi Wagogo. Je, ni kweli yapo makabila yanayosumbuliwa zaidi na kibofu?
*Mama K., Dodoma*

JIBU: Pole, Mama K. Wifi yako ana haki ya kuisifu Kondoa, lakini si kwa jambo hili. Hili ni tatizo la siri. Mwanamke anaweza kuvaa kanga mbili kwa miaka mingi na asimwambie hata dada yake, sembuse wifi, na ukimya wa watu usichukuliwe kuwa ndio afya yao.

Swali kama lako liliulizwa kwa makini mjini Boston, Marekani, ambako kati ya mwaka 2002 na 2005 watafiti waliwahoji watu 5,503 wenye umri wa miaka 30 hadi 79, wakiwamo watu weusi, Wazungu na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Dalili za njia ya mkojo zilizofikia kiwango cha wastani au kikali zilionekana kwa takriban asilimia 19 ya wote, na wala jinsia wala asili havikuleta tofauti kubwa katika hesabu hiyo. Kilichowatenganisha watu ni umri: walio katika miaka ya thelathini walikuwa takriban asilimia 10, na walio katika miaka ya sabini asilimia 25 hivi.

Hata hivyo, ukiacha hesabu ya jumla na kutazama aina ya tatizo, asili huanza kuonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wanawake wa Michigan wenye miaka 35 hadi 64 ulikuta kwamba takriban asilimia 33 ya wanawake wa Kizungu walivuja mkojo, ilhali kwa wanawake weusi ilikuwa asilimia 15 hivi. Miongoni mwa waliovuja, Wazungu walielekea zaidi kuvuja kwa kukohoa au kunyanyua mzigo, kama wewe, na weusi walielekea zaidi kubanwa ghafla wasifike chooni. Binafsi nasita kuzileta tarakimu hizo Dodoma na kuwavisha Wagogo au Warangi, kwa sababu idadi ya uzazi, uzito wa mwili, kisukari na kazi za kubeba mizigo hutofautiana sana kati ya watu wa huku na wa kule, na hayo ndiyo yanayokigusa kibofu moja kwa moja.

Kwa maelezo yako, misuli inayoshikilia kibofu kutoka chini imelegea, jambo linalowapata wengi baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida. Ikaze misuli hiyo kana kwamba unazuia mkojo, uishikilie kwa sekunde chache kisha uiachie, mara 8 kwa mkupuo mmoja, mikupuo mitatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Usifanye zoezi hilo wakati unakojoa. Na chai yako ya asubuhi unywe, au angalau maji, kwa sababu katika joto na ukavu wa Dodoma mkojo uliokolea hukikera kibofu na kukufanya ubanwe zaidi. Usipoona nafuu, nenda kituo cha afya, nao wakiona inafaa watakupa rufaa. Ila kwa mwanamke ambaye mkojo humtiririka usiku na mchana bila kukatika baada ya uchungu wa uzazi wa muda mrefu, hiyo huenda ikawa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na tiba yake kwa kawaida ni upasuaji, si mazoezi.

SWALI: Nina miaka 68. Naamka mara nne kila usiku kwenda haja ndogo. Wenzangu kijiweni wanasema ni uzee tu.
*Mzee wa Mpwapwa*

JIBU: Shikamoo, Mzee. Kuamka mara moja ni jambo la wengi: utafiti wa mwaka 2006 katika nchi tano, zikiwamo Uingereza na Ujerumani, ulikuta kuwa karibu nusu ya wanaume na zaidi ya nusu ya wanawake huamka angalau mara moja. Mara nne ni habari nyingine. Tezi dume hukua kadiri umri unavyosogea, na huenda ndiyo chanzo, lakini kisukari na miguu inayovimba mchana pia huleta hali hiyo hiyo, kwa hiyo pimwa sukari kwanza. Mkojo ukikataa kutoka kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Mwanangu wa miaka 7 bado anakojoa kitandani. Je, ni kichocho?
*Mzazi, Bahi*

JIBU: Kukojoa kitandani peke yake si dalili ya kichocho. Katika umri huo, mtoto mmoja kati ya kila 10 hadi 20 bado hukojoa usingizini, na hapa ukoo una neno lake: mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, uwezekano wa mtoto kufanya hivyo ni takriban asilimia 44, na wote wawili, asilimia 77. Kwa hiyo waulizeni bibi na babu kabla ya kumchapa mtoto, ambaye kwa vyovyote hastahili kuchapwa. Kichocho huonekana kwa damu, hasa katika matone ya mwisho ya mkojo, kwa mtoto aliyeoga au kucheza katika bwawa au mfereji. Ukiiona damu hiyo, mpeleke zahanati apimwe mkojo. Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo hutolewa kwa kufuata uzito wa mtoto.