ULIZA UJIBIWE: Dakika mbili za filamu

Swali: Shikamooni wahariri. Nasoma somo la midia kwa mtaala wa Cambridge hapa Arusha. Kikundi chetu cha watu watatu kinatengeneza mwanzo wa filamu usiozidi dakika 2. Tulirekodi kwa simu nje ya Soko la Kilombero, halafu ndani ya duka la shangazi wa mwenzetu. Nje maneno hayasikiki, na ndani picha ina mistari inayopanda na kushuka. Mwalimu katuambia turudie. Je, tununue kamera?
*Mwanafunzi, Njiro*

Jibu: Marahaba. Hapana, msinunue. Kamera ya milioni tatu ingewapa mistari ileile na kelele zilezile.

Mistari inatokana na taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mwanga wa tyubu hupanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Simu nyingi hurekodi fremu (picha moja moja za video) 30 kwa sekunde, hesabu inayoendana na umeme wa hezi 60 kama wa Marekani. Tafuteni programu ya kamera inayokubali kurekebishwa kwa mkono, mweke fremu 25 na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Kama simu haikubali, zimeni tyubu, mhusika asogee karibu na mlango, mrekodi kwa mwanga wa mchana.

Sauti ndiyo kazi kubwa zaidi, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi nzuri. Simu ikiwa mita tatu kutoka mdomoni, boda na makonda watamfunika mhusika, na hakuna programu itakayomchomoa humo akatoka mzima. Tumieni simu ya pili kurekodi sauti peke yake. Iwe ndani ya mfuko wa shati, maiki ikielekea juu, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, na mtandao umezimwa ili isiite katikati ya maneno. Kitambaa kikiisugua mtasikia mikwaruzo, basi ibaneni isicheze. Kabla ya mazungumzo mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri, oanisheni mlio huo na fremu ambayo viganja vinakutana. Kwenye kipimo cha sauti cha programu, kilele kisipande juu ya desibeli -6, kwa sababu sauti iliyopasuka haishoneki.

Kabla hamjaondoka, rekodini sekunde 30 za mahali pale bila mtu kusema. Sauti hiyo hutandazwa chini ya mikato yote, yaani pale picha moja inapounganishwa na nyingine. Wanaoiruka hatua hii hujikuta na kelele za sokoni zinazokatika na kuanza upya kila picha inapobadilika.

Redio ya dukani nayo izimeni, shangazi akiwaruhusu. Mtaala unataka picha na sauti ziwe kazi yenu wenyewe, isipokuwa muziki au milio kutoka chanzo kisicho na hakimiliki. Bongo Fleva ikipenya nyuma ya mazungumzo mmevunja sharti hilo, na kila mkato utaurusha wimbo. Kuandika jina la msanii mwishoni hakusaidii. Kama mmoja wenu anapiga gitaa, apige.

Swali: Kwenye uchambuzi wa kipande cha tamthilia mwalimu huniandikia "unasimulia". Nifanyeje?
*Mwanafunzi, Moshi*

Jibu: Unaandika kilichotokea, na mtahini naye amekiona. Anachotaka ni namna kilivyotengenezwa: kamera, uhariri, sauti, na vilivyopangwa ndani ya fremu, yaani mavazi, vifaa, mwanga na mahali.

"Baba anamkaripia binti mlangoni" ni kusimulia. Sasa soma hii: "Kamera iko chini ya macho ya baba, na mwili wake unaziba mlango wote. Binti anapigwa picha kutoka juu. Mikato inafupika kadiri baba anavyofoka, lakini akinyamaza kamera inabaki usoni pa binti na tunasikia pumzi yake tu. Baba amepewa nguvu, ila mtazamaji amewekwa upande wa binti." Sentensi ya mwisho ndiyo inayobeba alama, na haiwezekani bila zile zilizotangulia. Fanya mazoezi kwa kipande cha dakika 4 au 5: mara ya kwanza tazama bila kalamu, kisha rudia ukijaza safu nne kwenye karatasi. Safu ya sauti ikibaki tupu, rudia ukiwa umefumba macho.

Swali: Mwanangu yuko kidato cha sita, HKL, shule ya serikali. Anataka uandishi wa habari lakini hajasoma midia. Amechelewa?
*Mzazi, Soweto, Moshi*

Jibu: Hajachelewa, mama. Kuingia shahada ya kwanza kunahitaji pasi kuu mbili zenye jumla ya pointi 4.0 au zaidi, na chuo kinaweza kuongeza masharti yake. Historia, Kiswahili na Kiingereza ni msingi mzuri sana wa kazi hii. Azingatie pia kwamba Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya habari, hivyo kabla ya kulipa ada ya chuo chochote mkague kama kozi yenyewe imesajiliwa: shahada kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), stashahada kwa NACTVET (Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi).