Lipu ya saruji kwenye nyumba ya udongo

Unauliza kama uipige lipu ya saruji nyumba ya fito na udongo unayotaka kuhamia kijijini. Hapana, usiipige. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu na kuutoa, huvimba kidogo masika na kusinyaa kiangazi. Saruji ni ngumu, haiendi nao: hupasuka, maji hupenya kwenye ufa na kunaswa ndani. Nyumba ya bibi yangu kule Muheza tuliipiga saruji ili ipendeze. Masika ya pili lipu ikabanduka vipande vikubwa vikubwa pamoja na udongo wake, na nyuma yake fito zilikuwa zimeoza. Iliniuma sana, maana ukuta ule ulisimama tangu kabla sijazaliwa.

Ziba nyufa kwa udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, uache ukauke, kisha siriba kwa udongo wenye mchanga, au kwa chokaa na mchanga, moja kwa tatu. Hata majumba ya Mji Mkongwe Zanzibar, yaliyojengwa kwa mawe na chokaa, huharibika yakikarabatiwa kwa saruji. Chokaa huunguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu na miwani ya kukinga macho.

Ila kama mvua inarukia ukuta, anza na upenu kabla ya lipu yoyote: paa litokeze angalau sentimita 60. Nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyojengewa saruji ni habari nyingine, hiyo inakubali lipu ya saruji.