Punguzo ni lile lile, macho ya mteja ndiyo tofauti

Ukianza kazi kwenye duka la mtandaoni, hutakaa sana kabla ya kuambiwa: mauzo yamelala, shusha bei. Mimi nilishusha, nikashusha tena, na oda hazikuja. Nilichelewa kuelewa kwamba mteja hapimi tu amepunguziwa kiasi gani. Anatazama punguzo limewekwa wapi na limeandikwaje.

Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio moja ambalo kila mgeni wa kazi hii namsimulia. Watu waliambiwa kwamba kikokotoo wanachotaka kununua kwa dola 15 kinapatikana kwa dola 10 kwenye tawi jingine, mwendo wa dakika 20 kwa gari. Asilimia 68 walisema wangekwenda. Kundi la pili lilipoambiwa ni cha dola 125 na huko kinauzwa 120, waliokubali walikuwa asilimia 29. Dola 5 zile zile, safari ile ile. Mteja hulinganisha punguzo na bei ya kitu chenyewe.

Ndiyo maana kwenye kitu cha bei ndogo ninaandika asilimia, na kwenye kitu cha bei kubwa ninaandika fedha zenyewe. Robo ya 20 ni 5 tu, kwa hiyo "asilimia 25" inaonekana zaidi. Sehemu ya kumi ya 2,000 ni 200, na hiyo 200 ndiyo inayomfanya mtu asimame.

Neno "bure" nalo lina nguvu zake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007 na Kristina Shampanier, Nina Mazar na Dan Ariely liliuza chokoleti nzuri kwa senti 15 na ya kawaida kwa senti 1. Wengi walichukua ile nzuri. Kila moja ilipopunguzwa senti 1, ya kawaida ikawa bure, na wengi wakahamia huko. Kwetu sisi, neno hilo hukaa kwenye usafirishaji. Bidhaa ya 45 yenye usafirishaji wa 5 na bidhaa ya 50 inayopelekwa bure humgharimu mteja sawasawa, lakini ile 5 inayochomoza mwishoni humuudhi, maana alishakubali bei moja moyoni. Ukiweka kiwango cha kufikia ili usafirishaji uwe bure, kiweke juu kidogo tu ya oda ya kawaida. Na uitafute hiyo oda ya kawaida kwa kuzipanga oda zote na kuchukua ya katikati. Wastani hupandishwa na wateja wachache wenye makapu makubwa, ukabaki na kiwango kisichofikika.

Kisanduku cha kuponi, pale mteja anapoandika msimbo wa kupunguziwa bei, ndicho kilichonifundisha zaidi. Siku moja nilikaa natazama rekodi ya skrini ya mteja. Alikuwa amejaza anwani yote. Kielekezi kikaenda kwenye kitufe cha kulipa, kikasita, kikapanda hadi kwenye "Weka msimbo wa kuponi". Akaandika neno la kubahatisha, likakataliwa. Akaandika jingine, likakataliwa. Akafunga ukurasa. Alikuwa tayari kulipa bei kamili, sisi wenyewe tukamwonyesha kwamba kuna wenzake wanaolipa pungufu. Tulikificha kisanduku nyuma ya kiungo kidogo, na mwenye kuponi tukamtumia kiungo kinachoweka punguzo chenyewe.

Mapunguzo mawili yakipangwa juu ya bei moja, andika bei ya mwisho. Asilimia 20 kisha 25 ni punguzo la asilimia 40, ila mteja hujumlisha akapata 45, halafu anaona umemdanganya.

Kupandisha bei leo ili uikate kesho usikubali kabisa, hata bosi akikubana. Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, unawataka wauzaji wanaotangaza punguzo waonyeshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia, na wateja wa kila mahali siku hizi hupiga picha za bei.

Ofa ikiisha, usisome mauzo ya siku zile peke yake. Soma na wiki zinazofuata, kisha uangalie bidhaa ngapi zimerudishwa. Wateja wa kawaida wakipungua ghafla baada ya ofa, wengi wao walikuwa wananunua mapema kile ambacho wangekinunua tu kwa bei kamili.