Matone hayayeyushi mtoto wa jicho

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina miaka 27. Nina kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa darasa la sita, natumia insulini. Tangu mwezi wa tatu ubao nauona kama umemwagiwa maziwa, na usiku taa za pikipiki zinanitawanyikia machoni. Hospitali wamesema nina mtoto wa jicho macho yote mawili, nipasuliwe, waanze na la kulia. Nyumbani wanasema huo ni ugonjwa wa wazee, nisubiri kwanza akomae, na kwamba mwenye sukari akikatwa kidonda hakikauki. Shangazi ameniagizia matone kwa mtu anayeuza kwa WhatsApp, chupa tatu shilingi 90,000, ya kuyeyusha bila kisu. Nimeyatumia wiki tatu, macho yamekuwa meupe na hayawashi tena. Lebo imebanduliwa, herufi zilizobaki ni "Dexa". Je, niahirishe upasuaji niendelee nayo? Na je, ni insulini iliyoniletea haya?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Mengine yote yatasubiri, nianze na hiyo chupa.

"Dexa" ni mwanzo wa jina deksamethasoni. Ni dawa halali, ya jamii ya steroidi, nami mwenyewe huiandikia wagonjwa. Kazi yake ni kutuliza uvimbe. Ukiidondosha kwenye jicho jekundu linalowasha, ndani ya siku mbili tatu jicho linakuwa jeupe na muwasho unakwisha. Hicho ndicho ulichokiona, na hicho ndicho anachokitegemea aliyekuuzia: mteja ajitazame kwenye kioo, aone macho yameng'aa, aagize chupa nyingine. Lakini je, ubao unauona vizuri zaidi? Hukuniandikia hivyo, wala hautaonekana vizuri zaidi, kwa sababu mtoto wa jicho hajaguswa. Kibaya zaidi, steroidi ikitumika kwa miezi bila mtu wa kukupima huongeza presha ndani ya jicho, na hutengeneza mtoto wa jicho. Yaani umeuziwa tiba ambayo ugonjwa wako wenyewe ni mojawapo ya madhara yake.

Acha kuyaweka leo. Wiki hii rudi kliniki na chupa zote tatu, hata iliyokwisha, uwaambie umetumia siku ngapi na mara ngapi kwa siku, wakupime presha ya macho. Wiki tatu si muda mrefu, na kwa watu wengi presha iliyopandishwa na matone hushuka yakiachwa. Usione haya. Daktari akifichwa chupa atakupasua bila kujua presha imepanda kwa sababu gani.

Sasa kuhusu kuyeyusha. Nyuma ya mboni kuna lenzi, ukubwa wake kama wa punje ya hindi, imefungwa ndani ya utando mwembamba kama ule wa kitunguu. Ndani yake ni maji na protini zilizojipanga kwa utaratibu mkali, ndiyo maana mwanga unapita. Lenzi haingoji insulini ili ipokee sukari. Sukari ikijaa kwenye damu, inajaa na humo, inageuzwa kuwa sorbitoli, na sorbitoli haitoki upesi. Inavuta maji, nyuzi za lenzi zinavimba, protini zinavurugika na kugandana. Kwa kijana mwenye kisukari aina ya kwanza hilo linaweza kutokea kwa wiki chache tu, wakati mzee humchukua miaka. Ute wa yai ukishachemka ukawa mweupe, hakuna tone utakaloliweka juu ya ganda likaurudisha kuwa maji.

Watu huniletea simu wanionyeshe habari za lanosteroli, kemikali ambayo mwaka 2015 watafiti walisema imepunguza ukungu kwenye macho ya mbwa. Ni kweli habari hiyo ilichapishwa. Wengine waliijaribu kwenye lenzi za binadamu zilizotolewa wakati wa upasuaji, haikuzisafisha. Matone ya N-asetilikarnosini nayo yanauzwa sana mtandaoni. Wapitiaji wa tafiti walipoyachunguza mwaka 2017 hawakukuta ushahidi wa kuaminika kwamba yanafanya kazi. Asali, maji ya kitunguu na majani yaliyotwangwa siyazungumzii kwa urefu. Hayo huleta vidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho, na kidonda hicho kikiacha kovu, hata mtoto wa jicho akitolewa vizuri utaendelea kuona kwa kupitia kovu.

Kwa hiyo insulini haikukuletea haya. Kilichokuletea ni sukari iliyokaa juu, na insulini ndiyo iliyokufikisha miaka 27. Nimepokea wasichana walioacha sindano baada ya kuambiwa zinaharibu macho, wakaishia wodini na damu iliyojaa asidi. Usiruke dozi hata moja kwa maneno ya mtu.

Kusubiri "akomae" ni ushauri uliokuwa na maana zamani, lenzi ilipokuwa ikitolewa nzima na utando wake na mgonjwa akipewa miwani minene kama vitako vya chupa. Siku hizi tunaacha utando, tunatoa yaliyomo, tunaweka lenzi bandia humo humo. Kwako wewe kusubiri kuna ubaya mara mbili. Lenzi iliyovimba hubana njia ya maji ya jicho, presha ikapanda. Na kubwa zaidi, inaniziba nisiione retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Umekaa na kisukari zaidi ya miaka 14. Mishipa midogo ya nyuma ya jicho lazima ichunguzwe, maana huko ndiko kisukari kinakopofusha watu moja kwa moja. Muulize daktari wako swali hili kabla hujasaini fomu: retina yangu umeiona? Kama ukungu umezidi, wafanye ultrasaundi ya jicho. Kama kuna uvimbe katikati ya retina au mishipa mipya inayovuja, mara nyingi huanza na leza au sindano, kwa sababu upasuaji wa mtoto wa jicho unaweza kuuzidisha uvimbe huo. Hilo likirukwa, mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji na lenzi safi kabisa na bado haoni, halafu mtaa mzima unaambiwa amepofushwa kwa kisu.

Kuhusu kidonda kutokukauka: ndugu zako wanafikiria kidonda cha mguu. Tundu la kutolea mtoto wa jicho kwa mashine ya mawimbi ya sauti halifiki milimita 3. Kwa njia ya mkono ni kama milimita 6 hadi 7, na kwa kawaida hujifunga lenyewe bila uzi. Mwenye kisukari anapona. Tunachohofia ni maambukizi, na hatari hiyo hupungua sukari ikidhibitiwa. Ila usijinyime chakula na kujiongezea insulini ili sukari iporomoke ndani ya wiki mbili kumfurahisha daktari. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993, wenye wagonjwa 1,441 wa aina yako ya kisukari, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kunayalinda sana macho kwa miaka, lakini pia kwamba ikishushwa kwa haraka, retina iliyokwisha kuathirika inaweza kuzidiwa kwa muda. Ishushwe polepole, na anayeisimamia awe daktari wako wa kisukari. Siku ya upasuaji utachomwa ganzi tu, kwa kawaida hakuna nusu kaputi. Uliza mapema ule nini na uchome kiasi gani. Insulini ya muda mrefu usiiache kabisa, na beba glukosi kwenye mkoba.

Umri wako una jambo moja ambalo wazee hawalihisi sana, na naona vijana wengi hawaambiwi mapema. Lenzi yako ya asili hujikunja ili usome karibu, kisha hujinyoosha utazame mbali. Lenzi bandia ya kawaida haijikunji. Ubao utauona, lakini madaftari ya kusahihisha yatataka miwani ya kusomea, ukiwa na miaka 27. Liongee na daktari kabla hajachagua namba ya lenzi. Miwani yenyewe usiitengeneze sukari ikiwa bado inapanda na kushuka, maana kipimo kitabadilika nayo. Lenzi bandia haichakai: aliyeanza kuiweka ni Harold Ridley, London, mwaka 1949, baada ya kuona vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za vita vikikaa machoni mwa marubani bila jicho kuvikataa. Na kama baada ya miezi au miaka ukungu ukarudi, jambo la kawaida kwa vijana, si mtoto wa jicho aliyeota upya. Ni ule utando tulioubakiza umeingia ukungu, na leza huufungua kwa dakika chache bila kukulaza.

Baada ya upasuaji utapewa matone, na huenda ukashtuka kusoma lebo: deksamethasoni, au ndugu yake prednisoloni. Usikatae kuyatumia. Hapo yana tarehe ya kuanza, idadi inayopunguzwa kila wiki, na siku ya kuacha, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi sita, na kuna mtu wa kukupima presha. Maumivu, wekundu unaoongezeka au kuona kunakofifia katika siku hizo ni jambo la kurudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.

Kukosekana kwa usimamizi huo ndiko kunakoniumiza kwenye maduka yetu ya dawa. Dawa ambayo mimi naiandika kwa kuhesabu siku, mtu anaipata kaunta kwa kusema "nipe ya macho", bila cheti, bila kuangaliwa. Wengi wanaoinunua hivyo ni wazazi wa watoto wenye aleji, wale wanaofikicha macho mchana kutwa na weupe wa jicho umekuwa wa kahawia. Mama mmoja aliniletea kijana wake wa kidato cha pili. Alifungua fundo la kanga, akatoa chupa iliyobonyezwa mpaka imelegea, akaniambia kwa furaha, "Hii ndiyo inayomsaidia, daktari, bila hii hasomi." Alikuwa akimnunulia kwa miaka miwili, kila ikiisha nyingine. Nilimnyooshea yule kijana mkono kumsalimu. Mkono wake ulipita pembeni, ukagusa ukingo wa meza. Mtoto wa jicho wa macho yote mawili niliutoa. Mshipa wa fahamu uliokwisha kuliwa na presha sikuweza kuurudisha, na hakuna anayeweza. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Steroidi haipiti kwenye matone peke yake. Imo kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha uso zinazopakwa mpaka kwenye kope. Imo kwenye vidonge vingine vya kunenepesha vinavyouzwa bila boksi. Ukiwa na kisukari, vidonge hivyo vitaipandisha na sukari yenyewe, na utadhani insulini imeharibika. Anayetumia prednisoloni aliyoandikiwa kwa ajili ya lupasi, figo au pumu asiniambie kesho ameacha kwa kunisoma hapa. Ikiachwa ghafla mwili unaweza kuzimika. Huyo aombe kupimwa macho kila baada ya miezi 6 hadi 12, aendelee na dawa yake kama alivyoelekezwa.

Halafu kuna chupa inayobaki. Mgonjwa anapona, matone nusu anayaweka kabatini karibu na majani ya chai, na jirani akija na mtoto mwenye macho mekundu anayatoa kwa moyo mweupe. Macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam Januari 2024, nusu ya niliowauliza wameweka nini walinitajia chupa ya mtu mwingine. Kuna virusi, kama vile vya malengelenge, ambavyo steroidi huvifungulia mlango vikatoboa kioo cha jicho. Wewe ukimaliza zako, hata kama yamebaki mengi, usimwachie mtu. Andika kwa kalamu juu ya chupa tarehe uliyoifungua, na ikifika siku ya 28 irudishe kliniki, na kama siku zako za dawa hazijaisha uombe nyingine.