Kabla ya kununua kitabu cha sauti, msikilize msomaji

Habari za jioni, ndugu. Umesema vitabu vitatu vya sauti vimekushinda katikati kwa sababu wasomaji waliyaboronga majina ya Kiafrika, na sasa unauliza uanze na kipi. Kwanza sikiliza kionjo cha bure, utege sikio pale wahusika wanapojibizana, kwa maana msomaji dhaifu hujificha kwenye maelezo na kuumbuka kwenye mazungumzo.

Mimi ningekushauri uanze na Born a Crime cha mwaka 2016, ambacho Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, amekiandika kuhusu maisha yake na kukisoma mwenyewe, akitoka kwenye Kiingereza na kuingia Kixhosa au Kizulu bila kujikwaa. Anavyomwigiza mama yake akimkaripia kulinifanya nipitilize kituo cha daladala, nikarudi kwa miguu huku bado nikicheka. Baada yake chukua Americanah cha Chimamanda Ngozi Adichie, kilichosomwa na Adjoa Andoh, mwigizaji wa Uingereza, ambaye hutenganisha lafudhi ya Lagos na ya Marekani kiasi kwamba unamtambua msemaji kabla hajatajwa. Ukipenda hadithi za kubuni zenye uchawi, mtafute msomaji Bahni Turpin katika Children of Blood and Bone.

Tafadhali usiongeze kasi ya kusikiliza. Lafudhi hizo ndizo utakazozipoteza kwanza.