Miguu ya Altezza na ndugu zake: fundi anajibu

Mwezi uliopita niliandika kuhusu injini za magari ya spoti yaliyozeeka, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki wa Sikonge. Maswali yaliyokuja karibu yote ni ya miguu: shokapu, springi, bushi. Nimechagua machache, mengine yanafanana.

Shikamoo fundi. Nina Altezza ya mwaka 2001, ile ya silinda nne, gia za mkono. Nimejichanga nataka kuweka koilova (shokapu na springi kwa pamoja, urefu unarekebishwa). Nichukue chapa gani? – Kijana wa Ipuli

Marahaba. Chapa iache kwanza, tuanze na bushi. Altezza ina wishiboni mbili kila tairi, yaani mikono ya chuma, mmoja juu na mmoja chini, inayolishika tairi kwenye bodi, mbele na nyuma, na kila mkono unakaa kwenye raba. Raba hizo ndizo bushi. Kama hazijawahi kubadilishwa, raba hizo zina umri wa gari lenyewe. Ukifunga koilova ngumu juu ya bushi zilizokufa, nguvu ambayo springi laini ilikuwa inaimeza sasa inakwenda moja kwa moja kwenye raba. Kona ya kwanza utafurahi. Ya tano utashangaa stelingi unaishikia wewe lakini gari linajichagulia njia.

Pandisha gari kwenye jeki, weka stendi (jeki peke yake si kitu cha kulaza kichwa chini yake, nimewaambia mara ngapi?). Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, ni bolijointi (kile kiungo cha mviringo kati ya mkono na habu) au bearingi. Shika kushoto na kulia, litikise tena; likicheza hapo, angalia tairodi, ile fimbo inayogeuza tairi kutoka kwenye stelingi. Halafu chukua mtaimbo mdogo, upenyeze kati ya mkono wa chini na habu, uinue taratibu huku mwenzako akitazama bolijointi ya chini. Hiyo bolijointi ndiyo ugonjwa wa kurithi wa Altezza. Ikikatika, tairi linajilaza chini ya madigadi na hakuna usukani wa kukusaidia. Ukinunua mpya, ya kushoto na ya kulia si moja, kwa hiyo usikubali muuzaji akuambie "zote sawa tu, bosi". Na ukikosa spea kwa jina la Altezza, uliza za Lexus IS200. Ni gari lilelile lililouzwa Ulaya kwa jina jingine.

Sasa sikiliza kosa langu mwenyewe. Niliwahi kubadilisha bushi za mbele za gari langu, zote mpya, nikiwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Nikakaza bolti zote gari likiwa bado juu ya stendi, kwa sababu hapo ndipo spana inazunguka kwa raha. Miezi minne baadaye bushi zilikuwa zimepasuka kama soli ya kandambili. Muuzaji nilimtukana bure. Bushi ya raba haizunguki kama bearingi: chuma chake cha ndani kinabanwa na bolti, cha nje kinakwenda na mkono, na raba ya katikati inajisokota. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia, siku unashusha gari raba imeshasokotwa hata kabla hujaondoka. Kila tuta linaisokota zaidi. Kwa hiyo funga bolti kwa vidole tu, shusha gari likanyage chini, au weka jeki chini ya mkono mpaka bodi ianze kunyanyuka, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo.

Ukimaliza hayo ndipo tuongee koilova. Utaona namba kwenye springi, mfano 8. Maana yake ni kilo 8 kuibonyeza milimita 1. Lakini 8 ya Altezza si 8 ya Subaru Impreza. Kwenye Impreza shokapu imesimama karibu kabisa na tairi, kwa hiyo tairi linaihisi springi karibu yote. Kwenye wishiboni, springi inakaa katikati ya mkono. Tuseme tairi likipanda sentimita 10 springi inabonyea 7. Hapo tairi linahisi 0.7 mara 0.7, yaani kama nusu ya ugumu wa springi. Ndiyo maana ukiazima ushauri wa mtu wa Impreza unapotea. Kwa njia zetu, chukua namba za chini kabisa chapa hiyo inazouza, na chukua aina ambayo urefu unarekebishwa kwa kuzungusha kikombe cha chini cha shokapu. Ile ya kupandisha kitako cha springi peke yake inakunyang'anya mwendo wa shokapu. Na asikudanganye mtu kwamba kukaza kile kitako kunaifanya springi ngumu. Kunainua gari tu.

Fundi, jamaa yangu anasema nikate mzunguko mmoja wa springi gari likae chini, bei ya kiroba cha mkaa. Je? – Isevya

Kama springi yako ina mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja zinabaki 5, na springi imekuwa ngumu kwa asilimia 20. Watu hawalijui hilo. Wanadhani imefupika tu. Shokapu ni ileile, haiwezi kuituliza springi ngumu zaidi, gari linaanza kudundadunda. Mwisho uliokatwa haukai sawa kwenye kitako, na siku tairi linaning'inia springi inalegea na kuhama mahali pake. Nimeiona moja imetoka na kulala juu ya wishiboni. Usikate. Kama lazima gari lishuke, kuna springi fupi zilizotengenezwa hivyo.

Nimenunua shokapu used za Impreza STI kutoka Dar. Hazivuji mafuta, lakini zinagonga kwenye rasta. Nimepigwa? – Cheyo

Labda hujapigwa. Shokapu za STI nyingi zimepinduliwa: mwili mnene uko juu na unateleza ndani ya ganda la chini, na kinachoulainisha hapo ni grisi. Grisi ikikauka inagonga tok, tok, kwenye vituta vidogo tu, halafu kwenye tuta kubwa inanyamaza. Zifungue, safisha, paka grisi mpya. Kama ganda limeshalika na mwili unacheza ndani, hapo umepigwa.

Bushi za plastiki ngumu, zile za rangi nyekundu, ni nzuri kuliko raba? – Msomaji, Urambo

Kwenye lami ya Nzega, ndiyo, stelingi inakuwa kali kama wembe. Lakini hizo zinazunguka juu ya chuma chake na zinataka grisi. Vumbi letu la kuanzia Juni mpaka mvua zianze linaingia, linachanganyika na grisi, linakuwa msasa. Gari linaanza kulia kama kitanda cha nyumba ya wageni. Mimi ni mtu wa raba. Nyekundu naziruhusu kwenye stabilaiza peke yake (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), pale ni bolti mbili, unafungua na kupaka grisi nusu saa.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu, nina Celica. Fundi aliniwekea spesa za raba chini ya springi ili nipite matuta. Sasa nikitoka kwenye tuta, tairi likishuka, panalia "ko!" mbele. – Sikonge

Marahaba, Mwalimu. Shokapu ina mwendo wake wa kupanda na wa kushuka. Spesa ya springi inanyanyua gari lakini shokapu haijarefuka, kwa hiyo mwendo wa kushuka umeliwa. Tairi likidondoka upande wa pili wa tuta, shokapu inafika mwisho na kugonga. Hiyo ndiyo "ko!" yako. Ukiendelea, itaanza kuvuja. Angalia na mabuti ya sivi pia, yaani raba zinazofunika viungo vya ekseli, maana ekseli sasa zimekaa kwa pembe na mabuti yanachanika mapema. Toa spesa. Celica ikirudi kwenye urefu wake na shokapu nzima, itapita matuta mengi kuliko unavyodhani, ukiyapanda kwa mshazari, tairi moja moja. Inayogusa chini kila mara, nimegundua, ni ile yenye shokapu zilizokufa, kwa kuwa inazama.

Rimu za 18 zinaingia Altezza? – Kiloleni

Zinaingia. Ila piga hesabu ya unachopoteza. Tairi la 215/45 rimu 17 lina ukuta wa karibu milimita 97. La 205/55 rimu 16 lina karibu 113, na kimo cha tairi zima hakitofautiani hata sentimita moja. Hizo milimita 16 za hewa ni springi ya bure. Mimi ningeshuka kwenda 16, nikihakikisha rimu inapita kaliper, kile kinachobana breki. Kwa 18 unakwenda upande mwingine.

Baada ya kubadilisha shokapu, fundi wa mtaani kanifanyia alaimenti kwa kamba. Nimeibiwa? – Ng'ambo

Hapana, kama aliifunga sawasawa. Kamba inapita pande zote mbili za gari, imefungwa kwenye stendi nne, kimo cha katikati ya tairi. Wengi wanakosea hapa: wanaigusisha kamba kwenye tairi la nyuma na kuivuta mbele. Umbali kati ya tairi mbili za mbele na kati ya zile mbili za nyuma si sawa kwenye magari mengi, kwa hiyo kamba inakaa mshazari. Pima kutoka katikati ya habu: umbali mpaka kwenye kamba uwe sawa kushoto na kulia kwa mbele, na sawa kushoto na kulia kwa nyuma, hata kama wa mbele haulingani na wa nyuma. Hapo kamba mbili zimekuwa sambamba na gari. Ndipo upime kutoka kwenye kamba mpaka ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma; tofauti yake ndiyo inakuambia tairi linatazama ndani au nje.

Kabla hajaanza, stelingi iwe imenyooka na kufungwa, upepo wa tairi uwe sawa, na gari lisukumwe mbele na nyuma mita chache baada ya kushushwa kwenye jeki, la sivyo miguu inakuwa bado imejikunja. Kamba haipimi kemba, yaani tairi kulala kwa ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Kama ulishusha gari, nenda kwenye mashine. Kama ulibadilisha shokapu tu na urefu ni uleule, endesha wiki mbili, kisha pitisha kiganja juu ya tairi za mbele, kutoka nje kwenda ndani, halafu kurudi. Kikiteleza upande mmoja na kukwaruzwa upande mwingine, mrudie fundi wako na kamba yake.