Jukumu lisikae kwenye jedwali la watumiaji: majukumu, maeneo na kategoria za ngazi nyingi

Ndugu uliyeuliza namna ya kupanga hifadhidata ya soko la mazao: mpango wako wa kuweka safu ya `jukumu` ndani ya `watumiaji`, na `kategoria1`, `kategoria2`, `kategoria3` ndani ya `bidhaa`, utafanya kazi mpaka siku wakala wa parishi moja ya Masaka, Uganda, atakapotaka kuuza kahawa yake mwenyewe. Hapo mtu mmoja ana majukumu mawili, na moja lina mipaka ya eneo.

Unahitaji `watumiaji`, `majukumu`, `ruhusa`, `ruhusa_za_majukumu` na `ugawaji`. Kazi yote iko kwenye `ugawaji`, jedwali linalosema nani ana jukumu gani na katika eneo gani: `mtumiaji_id`, `jukumu_id`, `eneo_id`, na zote tatu kwa pamoja ndizo ufunguo msingi (primary key), unaotambulisha kila mstari. Usiache `eneo_id` tupu ukimaanisha nchi nzima, maana ufunguo msingi haupokei NULL, yaani thamani tupu. Tengeneza eneo la mzizi, Uganda, msimamizi mkuu mgawie hapo.

Kwenye programu uliza ruhusa, usiulize jina la jukumu. Ukitawanya "kama ni msimamizi" katika faili 30, siku meneja akiruhusiwa kubadili bei utazifungua zote. Ukiuliza `bei.badili`, unaongeza mstari mmoja kwenye `ruhusa_za_majukumu`, basi.

Maeneo na kategoria zina umbo moja: `id`, `mzazi_id`, `jina`. Usiipe kila ngazi jedwali lake. Vijijini unashuka wilaya, kaunti, kaunti ndogo, parishi, kijiji; Kampala unakutana na divisheni kama Kawempe, na kina hakilingani tena. Kwenye bidhaa ni hivyo hivyo: Kahawa > Robusta > Kiboko (kahawa kavu isiyokobolewa) ni ngazi tatu, Vanila huenda ikaishia ya kwanza. Bidhaa ishike `kategoria_id` moja tu, ile ya chini kabisa. Kupata tawi zima, hapa kategoria yenye id 7 na zote zilizo chini yake:

```
WITH RECURSIVE tawi AS (
  SELECT id FROM kategoria WHERE id = 7
  UNION
  SELECT k.id FROM kategoria k
  JOIN tawi t ON k.mzazi_id = t.id
)
SELECT b.* FROM bidhaa b
JOIN tawi t ON b.kategoria_id = t.id;
```

Inakwenda kwenye hifadhidata za PostgreSQL, na MySQL kuanzia 8.0. Nimeandika UNION makusudi, si UNION ALL: mtu akimfanya mtoto kuwa mzazi wa babu yake, UNION inatupa id zilizokwisha kuonekana na swali linakoma. Ila ukiongeza safu ya kina (namba ya ngazi) kinga hiyo inapotea, kwa sababu kila mzunguko unaleta mstari mpya. Sharti la CHECK la `id <> mzazi_id` linazuia kujizaa mwenyewe tu. Mzunguko mrefu ukague kabla ya kuhifadhi.

Kwa ruhusa unapanda badala ya kushuka: anza na eneo la bidhaa, fuata `mzazi_id` hadi Uganda, tazama kama njiani kuna ugawaji wenye ruhusa hiyo. Ni hatua tano au sita.

Wengi husahau indeksi ya `mzazi_id`. PostgreSQL haiitengenezi yenyewe kwa ufunguo wa kigeni (foreign key), safu inayoelekeza kwenye mstari mwingine. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, inaitengeneza. Halafu sharti la kutorudia, UNIQUE (mzazi_id, jina), haizuii Kahawa mbili zisizo na mzazi, kwani NULL mbili hazihesabiwi kuwa sawa. PostgreSQL kuanzia 15 ina NULLS NOT DISTINCT, inayozihesabu kuwa sawa. Kwingine tumia mzizi mmoja uliofichwa. Na kufuta iwe RESTRICT, yaani kilicho na watoto kisifutike. CASCADE, inayofuta na watoto wote, hapa ni panga mkononi mwa mtoto.

Kuna wanaopenda kuhifadhi njia nzima kama maandishi, "1/4/19". Kusoma ni haraka, lakini wilaya zetu hukatwa. Buikwe ilipotoka Mukono mwaka 2009, mfumo wa namna hiyo ungelazimika kuandika upya njia ya kila kijiji cha chini yake. Kwa `mzazi_id` unagusa mistari michache ya juu. Angalia tu jambo moja: ukishahamisha tawi, msimamizi wa Mukono anapoteza mamlaka yake Buikwe papo hapo. Kama bado anahitajika huko, ugawaji wake mpya uingie katika muamala (transaction) uleule unaobadili mzazi.